Nzi Asiyepiga Hodi

Mwanangu Kemilembe,

Barua za enzi zetu zilianza kwa "mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni juu yako wewe uliye mbali". Sasa wewe mbali hujafika. Uko hapo kwa Mama Leokadia unaaga, na nikisimama mlangoni nasikia kicheko chako kikipenya kwenye migomba. Hofu, hata hivyo, ninayo. Ndiyo maana nimeyaacha maharage yajichemkie, nimevuta kigoda, nimechukua kalamu yako nyekundu ya kusahihishia kwa sababu nyingine sikuiona, na ninaandika. Ukikuta makosa, sahihisha. Mimi wa darasa la saba sina aibu.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji ya kunywa. Wewe ni mtu mzima, una cheti, na serikali yenyewe imeona unafaa kupelekwa Mtwara kufundisha watoto wa watu. Habari za wanaume wa Mtwara nazo sitaziandika hapa. Hizo nitakupigia simu.

Nataka kukuandikia habari za nzi.

Cheka tu, lakini endelea kusoma. Unakumbuka siku ile barazani, ulipokuwa ukiwafundisha Kiingereza watoto wa jirani, na mimi namenya ndizi pembeni? Uliwaambia kwamba Mwingereza akitamani kujua yanayosemwa mahali ambako yeye hayupo, husema laiti ningekuwa nzi ukutani. Ukawafafanulia vizuri, mpaka nikajivuna. Ukasema si lazima msemaji awe na nia mbaya. Anatamani tu kuwapo bila kuonekana, labda kwenye kikao cha walimu, au kwenye chumba ambamo jina lake linatajwa. Mtoto mmoja akauliza kwa nini nzi, kwa nini si mjusi. Ukasema ni kwa sababu hakuna mtu anayekatisha maneno yake kwa ajili ya nzi.

Mimi nikadakia, "Nzi gani huyo? Akitua kwenye ukuta wangu mimi ndiye wa kwanza kumwona, na ndala ninayo mguuni!" Watoto wakavunjika mbavu. Wewe ukanipiga lile jicho lako la ualimu, ukasema, "Mama, ni msemo tu." Nikaendelea na ndizi zangu. Lakini tangu siku ile msemo huo haujanitoka kichwani, kwa sababu, Kemi, katika nyumba hii nzi ni mimi.

Usijifanye hujui. Kaka yako Mujuni alipokuwa na mchumba wa siri, nani alijua kwanza? Katekista alipotaka kuacha kazi, nani alijua kabla ya padri? Mimi sikio langu Mungu alilitengeneza halafu akasahau kulifungia mlango. Nikipita nyuma ya nyumba ya mtu na sauti imeshuka, miguu yangu inapunguza mwendo yenyewe. Baba yako ameshasema mpaka amechoka.

Sasa nimegundua kwamba ugonjwa huu nimekurithisha.

Jumapili jioni, ulipotoka kwaya, mimi na baba yako tulikuwa sebuleni, dirisha tumeliacha wazi. Chini ya dirisha kulikuwa na mkeka wa kahawa iliyoanikwa. Wewe ulidhani hakuna aliyekuona, na kweli hatukukuona. Lakini asubuhi nilipokwenda kugeuza kahawa nilikuta imekanyagwa, na alama ni ya ndala iliyolika kisigino upande mmoja. Katika nyumba hii anayekula ndala upande mmoja ni nani? Nikakumbuka kwamba usiku ule uliingia kwa mlango wa nyuma, ukasema umeshiba. Umeshiba, wewe, siku ya ndizi na utumbo! Nikajua. Nilijua hata ulichokisikia, kwa sababu nilikuwapo kilipokuwa kinasemwa.

Ulimsikia baba yako akisema, "Mimi stendi siendi. Aende mwenyewe. Na pale sitamwambia neno."

Hukusikia vibaya. Ndivyo alivyosema. Kosa lako ni kwamba uliondoka.

Tangu siku hiyo baba yako anapata kwako "shikamoo baba" na "ndiyo baba", basi. Anadhani una mawazo ya safari. Lakini jana nilikuwa nyuma ya tangi la maji (nilikuwa nachota, Kemi, kwa mara moja katika maisha yangu nilikuwa nachota kweli), nikakusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu kwamba wewe Krismasi hutarudi. "Mtu hataki hata kunisindikiza stendi, nirudi kwa nani?" Mwanangu, ndoo ilinitoka mkononi. Uliposikia kishindo ukaita, "Nani huko?" nikajibu, "Mbuzi." Nisamehe kwa hilo.

Hiyo ndiyo hofu yangu. Si Mtwara, si njia ndefu ya basi. Naogopa kesho upande gari na nusu ya maneno, uende nayo upande wa pili wa nchi, ikae huko na kuota mizizi. Na baba yako abaki hapa akihesabu sikukuu bila kujua amekosa nini.

Utasema, sasa si ungeniita uniambie? Nimeapa, Kemi. Baba yako ameniapisha kwamba mdomo wangu hautakufikishia neno hata moja, na sababu nitakueleza. Nimetimiza. Mdomo wangu umefungwa kabisa, hata sasa nimeuma ncha ya kanga. Kuhusu mkono hatukuelewana chochote.

Acha kwanza nikusimulie jinsi nilivyokaribia kukukosesha baba. Sehemu ya hadithi hii unaijua. Sehemu ya aibu sijawahi kukuambia.

Siku wazee wa upande wa baba yako walipokuja nyumbani kwetu kuleta posa, mimi nilitakiwa kukaa chumba cha ndani na wanawake, nimevaa gauni langu la rangi ya maziwa, mpaka nitakapoitwa kusalimia. Nani aliweza kukaa? Huko sebuleni maisha yangu yanapangwa, na mimi natazama dari! Nikawaambia naenda kujisaidia. Nikazunguka nyuma, nikapita kwenye mibuni, nikajibanza chini ya dirisha la sebule. Sawasawa kabisa na wewe Jumapili, ila mimi sikukanyaga kahawa.

Nikamsikia baba yangu mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, akisema kwa sauti kavu, "Jamani, mmekosea nyumba. Binti tuliye naye hapa ni mvivu. Jembe likimwona linajificha. Akipika ndizi, hata mbwa anaaga." Baba mdogo! Niliyemfulia mashati! Nikangoja mshenga wa upande wa pili anitetee. Naye akajibu, "Hata sisi tulionywa njiani." Sebule nzima ikacheka.

Sikungoja zaidi. Machozi yalikuwa yamekwisha kufika kidevuni. Niliruka ua na gauni langu lile, nikakimbia mpaka Omurushaka penye stendi, nikakuta pikapu iliyopakia mikungu inaelekea upande wa Kyerwa, nikamwambia dereva nina msiba Bugomora. Bugomora kulikuwa na shangazi yangu, Shangazi Domitila, ndiye pekee niliyemwona kuwa ni ndugu. Nilikwenda nimekalia ndizi mbichi, nalia njia nzima. Na wewe unajua utomvu wa ndizi ukishaingia kwenye nguo hautoki. Lile tambara ninaloshikia sufuria, lenye madoa meusi, ambalo huwa unaniuliza kwa nini silitupi, ndilo hilo gauni.

Ngoja nikuambie niliyoyaacha nyuma yangu. Mshenga alikuwa hajamaliza. Kicheko kilipotulia aliendelea, "Lakini kijana wetu naye si lolote. Ndiyo maana tukaona wakutane, tupunguze hasara." Ulikuwa mzaha, Kemi! Ndivyo washenga wanavyozungumza tangu zamani: kila upande unamshusha wake, mwenzake anamshusha zaidi, wanacheka, wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, halafu ndipo wanazungumza ya kweli. Ningebaki chumbani wale wanawake wangenieleza wakiwa wanacheka. Ningebaki dirishani kwa pumzi moja tu zaidi ningesikia mwenyewe. Mimi nilichukua nusu, nikakimbia nayo.

Na mambo hayakuishia hapo. Walipofika mahali pa kusema aletwe binti asalimie, wanawake wakanitafuta, wakanikosa. Baba mdogo akaambiwa sikioni, jasho likamtoka, akasimama akasema, "Wakwe zetu, kwa kweli binti hayupo." Wageni wakapiga makofi! Wakadhani ni mzaha unaendelea. Mshenga akajibu, "Tunajua hayupo, hata sisi tumekuja na kijana ambaye hajazaliwa." Wakazidi kucheka, na baba mdogo akazidi kuapa, mpaka mama yangu alipotokea mlangoni analia ndipo sebule ikanyamaza. Baba yangu hakutoka nje ya nyumba yake kwa siku kadhaa kwa ajili ya aibu ile. Nikikumbuka hapo, hata leo, kicheko kinanikatika.

Wazee wa upande wa baba yako wakasema yamekwisha. Binti mkimbizi hawamtaki. Lakini mwenye kutaka mke hakuwa wao.

Siku ya tatu yake, nikiwa jikoni kwa Shangazi Domitila, tukaona kijana anaingia uani na baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Nilijifungia humo jikoni. Ukuta wa udongo ulikuwa na tundu, nikaweka jicho. Naona unacheka, mwalimu. Ndiyo, nilikuwa ukutani kwelikweli.

Baba yako akaegemeza baiskeli, akavua kofia, akasimama. Akakohoa mara mbili. Kisha kimya. Shangazi akamkaribisha, akasema asante, akabaki pale pale. Shangazi akamuuliza, "Kijana, umekuja kununua kitu?" Akakohoa tena. Mvua ikaanza. Badala ya kukimbilia barazani, yeye anasimama tu, maji yanamtiririka, kofia mkononi. Shangazi akaja mlangoni mwa jikoni akaninong'oneza, "Huyu mtu wako ni bubu au ni mti?" Na mimi nimekasirika, na huku nataka kucheka, na huku moyo unanidunda, sijui nishike lipi.

Mwishowe akasema. Hakumtazama shangazi. Alitazama ukuta, pale pale penye tundu, jicho kwa jicho na mimi. Alikuwa ameniona tangu alipofika. Akasema, "Wale wazee wamesema maneno yao. Mimi bado sijasema."

Akatoa mfukoni kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye ganda la mgomba, imelowa. Akanyoosha mkono. Nikafungua mlango. Aliyoyasema baada ya hapo ni yangu, siandiki hapa hata kwa kalamu nyekundu. Lakini ile punje ya kahawa aliibana kwa meno, ikafunguka, ndani mna mbegu mbili kama kawaida. Moja akatafuna yeye, moja akanipa mimi. Ilikuwa chungu, mwanangu, na sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Kwa hiyo huyo ndiye baba yako. Anachelewa kusema. Maneno yake yanatoka mbali, yanakuja kwa miguu. Mtu akiondoka mapema anamkosa. Mimi nilikaribia kumkosa, na wewe hivi sasa unafunga begi.

Sasa turudi dirishani kwetu, Jumapili. Wewe umesikia "sitamwambia neno", umeondoka na ndala zako. Mimi nilibaki, maana nilikuwa ndani. Nikamuuliza, "Baba Mujuni, una wazimu? Mtoto anakwenda Mtwara!" Akakaa kimya mpaka nikadhani amesinzia. Halafu akasema, "Nilimpeleka Mujuni. Umesahau?"

Sijasahau, wala Omurushaka haijasahau. Wewe ulikuwa shuleni, hukuona. Mujuni alikuwa anakwenda Mwanza tu kuanza kazi, na baba yako alimsindikiza vizuri, akampandishia mzigo, akasimama chini ya dirisha la basi ili atoe neno. Akakohoa mara mbili. Badala ya neno yakatoka machozi, na si ya kistaarabu, ni yale ya kukatika sauti. Dereva akawa anapiga honi. Mpiga debe mmoja akapaza sauti stendi nzima, "Mzee, kijana anakwenda Mwanza, haendi kaburini!" Watu walicheka, muuza karanga akacheka, hata Mujuni masikini alicheka kwa aibu. Kwa mwaka mzima, kila baba yako alipokwenda kunywa rubisi, kulikuwa na mtu wa kuuliza, "Mzee, Mwanza wanasemaje?" Alivumilia. Lakini lilimwingia.

Akaniambia, maneno yake ndiyo haya, "Kemi ni mwalimu. Sitaki aondoke watu wakimcheka kwa ajili yangu. Stendi siendi, na pale sitamwambia neno. Nitamwambia hapa nyumbani, sisi wawili, asubuhi kabla hajatoka. Naomba Mungu yasinikwame."

Hiyo ndiyo nusu yako nyingine, Kemi. Ilikuwa inakuja. Ulikuwa umekwisha kuingia jikoni kusema umeshiba.

Na bado sijafika kwenye kiapo. Siku mbili baadaye nilikwenda kibanjani, huko shambani kwenye migomba, asubuhi kukata majani ya kufunikia ndizi. Nikasikia sauti ya mwanamume inazungumza Kiswahili. Unajua baba yako nyumbani hazungumzi Kiswahili, Kiswahili chake ni cha mnadani na cha kanisani. Nikadhani tuna mgeni. Nikanyata. Nilipofika karibu nikajibanza nyuma ya mgomba, nikachungulia.

Alikuwa peke yake. Nasema peke yake, lakini mbuzi alikuwapo, amefungwa kwenye shina la mbuni. Baba yako amesimama mbele ya mbuzi, kofia mkononi, kama yuko mbele ya askofu. Akakohoa mara mbili. "Mwalimu Kemilembe," akamwambia mbuzi. "Sisi kama wazazi wako tunayo furaha kubwa." Akatikisa kichwa. "Hapana. Hiyo ni ya mwenyekiti wa kijiji." Akaanza upya. "Mwanangu. Ulipozaliwa mimi nilikuwa..." Hapo akakwama. Akafuta uso kwa kiganja. Akaanza tena, "Mwanangu. Ulipozaliwa mimi nilikuwa..." Akakwama pale pale. Mbuzi akaona zamu yake imefika, akanyoosha shingo akaanza kula ukingo wa kofia.

Mimi huku nimejiziba mdomo kwa kanga, mbavu zinaniuma. Na hapo hapo siafu wameshanigundua. Walianza kwenye kifundo cha mguu, nikavumilia. Wakafika gotini, nikavumilia. Walipovuka goti, weee! Nilitoka nyuma ya mgomba ule nikiruka na kupiga mayowe kama mtu aliyepagawa, najikung'uta mbele ya mume wangu na mbuzi wake.

Baba yako akaniangalia mpaka nilipotulia. Akauliza, "Uko hapo tangu lini?"

"Tangu kwenye ya mwenyekiti."

Basi hapo ndipo aliponiapisha. Hakucheka. Nilidhani atacheka, hakucheka kabisa. Akasema, "Mama Mujuni, ukimwambia Kemi, basi mimi tena sitaweza. Nitaona ameshajua, nitanyamaza." Nikaona macho yake, nikaapa. Na kila asubuhi tangu siku hiyo, nikifagia uani, namsikia huko kibanjani. Bado anakwama pale pale.

Najua alikuwa wapi ulipozaliwa. Najua na alichofanya. Kalamu iko mkononi, ningeweza kuandika sasa hivi, na sitaandika. Hiyo ni yake.

Jambo moja tu la ushauri, na sitalirudia. Huko uendako utakuwa mgeni. Utapita nje ya ofisi ya walimu utasikia jina lako, na sauti zimeshuka. Miguu yako itapunguza mwendo, maana ni miguu yangu hiyo. Sikuambii uzibe masikio, ningekuwa mnafiki. Nakuambia piga hodi. Ingia, salimia, kaa, omba chai. Watu wakikuona watabadilisha maneno, sawa, lakini utaona nyuso zao, na utakuwapo wakimaliza. Ulituambia barazani kwamba nzi anasikia kila kitu kwa sababu hakuna anayemjali. Mimi nimekuwa nzi maisha yangu yote, mwalimu wangu, na hiyo si kweli. Nzi anasikia kidogo, anafukuzwa, anaruka. Hapigi hodi, na hakuna anayemwambia subiri, bado hatujamaliza.

Sasa kesho. Bodaboda ya kukupeleka Omurushaka nimeiambia ije mapema kuliko inavyohitajika, na nimemwambia kijana wake akipiga honi nitamtoa matairi. Kwa hiyo muda upo. Ukishakunywa chai, baba yako atakuita sebuleni. Atakuwa ameshika kofia, yenye ukingo ulioliwa, na sasa unajua na nani. Usiitazame sana, utacheka. Atakohoa mara mbili. Halafu kimya. Huo kimya usiuogope, na usimsaidie. Usiseme "ndiyo baba" ukainua begi. Usishike simu. Simama tu, kama yeye alivyosimama Bugomora mvua ikimpiga. Akikwama, na atakwama, muulize taratibu, "Nilipozaliwa ulikuwa wapi, baba?" Kwa sauti ya mtu ambaye hajui kitu. Wewe ni mwalimu, najua unaweza kuuliza swali ambalo jibu lake lipo kichwani mwako.

Atakupa kahawa ya kutafuna. Ameichemsha mwenyewe, ameikausha juu ya paa la banda la mbuzi akidhani sijaona. Usiiweke kwenye mkoba eti utakula njiani. Ifungue pale pale mbele yake, mbegu moja yako, moja mpe yeye, utafune mpaka uchungu uishe. Mambo ya Krismasi mwambie wewe mwenyewe. Mimi sijui lolote, kwenye tangi la maji alikuwapo mbuzi.

Nasikia kicheko chako kinakaribia. Maharage yameshika sufuria, nitasema ni kuni. Barua hii naiweka chini ya mto wako pamoja na kalamu. Ukishaisoma ichome jikoni, baba yako asije akaiona.

Kesho mkiwa sebuleni mimi nitakuwa jikoni, mlango nimeurudishia nusu. Najua nilichotoka kukuandikia, nami ni mzee mno kubadilika. Usigeuke kunitazama. Ila safari hii, mwanangu, siruki ua. Nitakaa pale mpaka baba yako amalize.

Mama yako